Ndama wanakohoa tangu baridi ianze, nichome dawa gani kali zaidi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mfugaji huku Njombe, nina ng'ombe wawili wa maziwa chotara wa Friesian na ndama wawili, mmoja ana wiki tatu mwingine miezi miwili. Tangu baridi ianze mwezi wa sita ndama wanakohoa sana usiku na alfajiri, huyu mkubwa anatoa makamasi na jana amekataa maziwa. Banda ni la mabanzi, nimeliziba lote kwa turubai na viroba mpaka juu ili upepo usiingie, na usiku nawawekea jiko la mkaa. Kijana mmoja wa hapa kijijini ameshawachoma OTC (sindano ya antibiotiki) mara mbili, wakapata nafuu kidogo alafu ikarudi. Jirani anasema niwanyweshe mafuta ya kula na tangawizi. Pia maziwa yamepungua, ng'ombe mmoja alikuwa anatoa lita 12 sasa anatoa 8. Naomba unitajie dawa kali zaidi ya OTC.

JIBU: Marahaba mama. Jina la dawa nitaliacha kwanza, maana swali kama hili napokea kila mwaka kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, kutoka Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe, na karibu kila mara maelezo ni haya haya: banda limezibwa, jiko liko ndani, OTC imeshachomwa, ndama bado wanakohoa. Nikikutajia dawa kali utachoma, watapoa siku mbili, alafu utarudi tena kwangu.

Kabla hujaendelea kusoma naomba ufanye kitu kimoja kesho. Amka saa 11 alfajiri, nenda bandani kabla hujafungua turubai, ingia ndani kisha piga magoti pale pale ndama wanapolala, kichwa chako kiwe usawa wa pua zao, uvute pumzi kwa dakika moja. Usisimame, ukisimama utasema mbona hewa ni nzuri tu. Macho yakianza kuwasha na koo kukwaruza, basi hiyo ndio hewa ambayo ndama wako wanavuta usiku kucha, kwa muda wa saa 12 kila siku, tangu mwezi wa sita. Alafu angalia juu kwenye bati. Kama kuna matone ya maji yananing'inia au yanadondoka, na ukimpapasa ndama mgongoni unakuta manyoya yamelowa wakati mvua haijanyesha, hapo umeshapata jibu la kikohozi, hata kabla ya kipimo chochote.

Yani hii imani kwamba baridi ndo inaua ndama inanisikitisha sana kwa sababu inamfanya mfugaji mwenye bidii ndo apoteze ndama, yule asiyejali ambaye banda lake lina matundu juu wa kwake wanapona. Baridi peke yake sio ugonjwa. Ng'ombe mkubwa anakula majani, majani yanachachuka tumboni na kutoa joto, kwahiyo baridi ya Njombe kwake sio kitu kikubwa kabisa. Nenda uwanda wa Kitulo kule Makete, ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za mwezi wa saba majani yamekuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na Friesian wa shamba la serikali wanachungwa huko huko. Kinachowaua ndama wetu ni unyevu, hewa chafu na njaa, na baridi inakuja kumalizia tu.

Ng'ombe mmoja mkubwa anakojoa kama lita 10 mpaka 20 kwa siku, hapo bado kinyesi, bado mvuke wa pumzi yake. Wewe una wakubwa wawili na ndama wawili ndani ya chumba kilichozibwa. Mkojo ukikutana na kinyesi inatoka ile harufu kali, amonia, na kwenye njia ya hewa ya ndama kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na vijidudu virudi juu vitoke. Amonia inavilemaza vile vinyweleo. Wale bakteria wa homa ya mapafu, pasturela na wenzake, wengi wao wanaishi tu puani mwa ndama mzima bila shida yoyote, sasa ulinzi ukishaanguka wanashuka kwenye mapafu. Kwahiyo turubai umeweka kwa mapenzi kabisa lakini ndilo limefungua mlango wa ugonjwa. Na hapo unachoma sindano leo, kesho ndama anarudi kulala kwenye hewa ile ile, atapona saa ngapi?

Jiko naomba usiliwashe tena bandani kuanzia leo usiku. Mkaa unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wanaolala na jiko ndani, ndama naye ana mapafu kama wewe. Na banda la mabanzi lenye nyasi kavu, ng'ombe akipiga teke jiko, unapoteza wote kwa usiku mmoja.

Sasa banda linatakiwaje. Upepo usimpige ndama akiwa amelala, hapo uko sahihi, kwahiyo chini ziba, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mita 1 hivi au zaidi kidogo, ziba vizuri upande unaotoka upepo. Juu acha wazi. Ile nafasi kati ya ukuta na bati ndio bomba la moshi la banda lako, hewa ya joto yenye unyevu inapanda na kutokea pale. Toa vile viroba vya juu mchana jua likiwepo, usisubiri usiku. Ndama watenge na wakubwa kama nafasi ipo, hata kona tu yenye kizuizi, na yule mkubwa anayetoa makamasi asilale na mdogo wala wasinywee ndoo moja.

Alafu malalo, hapa ndipo joto la ndama linapotakiwa kutoka. Njombe mmejaliwa mashine za mbao kila kona, maranda yapo, chukua makavu umwage unene wa sentimeta 15 hivi, juu yake weka nyasi kavu au mabua ya ngano ndama azame humo, akilala miguu isionekane. Usiokote yale maranda yaliyonyeshewa nje ya mashine, hayo ni unyevu unauhamishia bandani, na yana ukungu. Kupima ni rahisi, piga magoti juu ya malalo kidogo, ukiinuka gauni limelowa magotini basi ndama naye analala kwenye maji. Ongeza kavu kila siku. Huyu wa wiki tatu unaweza kumfunga gunia safi mgongoni usiku, lakini likilowa mvue, gunia bichi ni baya kuliko kutokuwa na gunia.

Na njaa. Ndama mchanga bado hana lile tumbo la kuchachua majani, joto lake lote linatoka kwenye maziwa. Joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 15 anaanza kuchoma akiba ya mwili wake ili asipoe, na asubuhi za Njombe mwezi wa saba zinashuka chini ya 10. Wengi mnampa lita 2 asubuhi na lita 2 jioni, mwaka mzima, baridi na joto sawa sawa, mnabaki mnauza yaliyobaki. Kwa wa wiki tatu panda taratibu ufike lita 5 au 6 kwa siku, gawa mara tatu, na ile ya mwisho apewe usiku kabla hujalala. Yawe na joto la mwili, nyuzi 38 au 39, sio yaliyokaa kwenye ndoo mpaka yamepoa. Najua lita hizo mbili ni hela ya kiwanda, lakini piga hesabu ndama jike chotara ana thamani gani akifika mtamba.

Hujasema kama walipata dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ya kutosha, na hilo haliwezi kurekebishwa sasa, ila kwa huyo ng'ombe atakayezaa baadaye: lita 3 mpaka 4 ndani ya saa 6 za kwanza, mapema zaidi ndo bora zaidi, kwa sababu ikipita siku moja utumbo wa ndama umeshafunga, ile kinga haipiti tena. Wale wanaosubiri kondo la nyuma litoke kwanza ndo ndama anyonyeshwe wanamnyima kinga yake bila sababu yoyote.

Turudi kwa kijana wa sindano. Nimuulize kupitia kwako, alipima joto? Aliangalia mitoki, yani tezi zilizovimba? Alikadiria uzito? Nakuhakikishia jibu ni hapana mara tatu, kwa sababu wote wanafanya kazi vile vile, anashuka kwenye bodaboda, bomba la sindano liko mfukoni, sindano ni ile ile iliyotoka kwa ng'ombe wa jirani, anachoma kiasi cha kukisia, anachukua hela yake anaondoka. Mara moja au mbili tu, wakati dawa hizo zina siku zake za kukamilisha. Bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, ndama anachangamka siku mbili alafu inarudi, na safari hii OTC haiwagusi. Ndio maana unaniuliza kali zaidi. Na mwakani utaniuliza kali kuliko hiyo. Kijiji kizima kikienda hivo tutafika mahali hakuna dawa dukani inayofanya kazi kwa ndama, na dawa hizi nyingi ni ndugu wa zile tunazotumia sisi binadamu.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo linanifanya niogope kwa huyo wa miezi miwili. Tangu mwezi wa sita umewanyunyizia dawa ya kupe? Nauliza hivyo maana wafugaji wengi wa nyanda za juu mnaacha kuogesha msimu wa baridi eti mifugo itapata kichomi kwa kulowa. Kupe hawajaacha kazi. Hawa wa kipindi hiki wengi ni wachanga, wadogo mno, huwaoni mpaka ufunue sikio kwa ndani kwenye mwanga, na hao nao wanaambukiza ndigana kali. Ndama wa ndigana anakuwa na homa kali, anakataa kula, anakohoa, anapumua kwa shida, mwishoni povu linatoka puani, na mfugaji pamoja na mchoma sindano wote wanasema "baridi imemshika mapafuni". OTC haitibu ndigana iliyoshapanda. Watu wanachanganya kwa sababu wakati wa chanjo ya ndigana mtaalamu anachoma na OTC ya muda mrefu siku hiyo hiyo, basi wakaona kumbe ndo dawa yake. Hapana, pale inashikilia vimelea vya chanjo visimzidi ndama, lakini aliyeshaugua anahitaji dawa nyingine kabisa, za aina ya buparvakwoni, na zinahitaji kuwahi, ukichelewa mapafu yakijaa maji hazimuokoi.

Kwahiyo leo, sio kesho, mpapase huyo mkubwa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta uvimbe mgumu kama yai chini ya ngozi, hiyo ni mitoki, piga simu kwa afisa mifugo wa kata saa hiyo hiyo. Nunua kipima joto, cha kawaida tu cha duka la dawa kinatosha, kiingize sehemu ya haja kubwa kiguse ukuta wa utumbo, subiri dakika mbili. Ndama mzima ni nyuzi 38.5 mpaka 39.5. Akifika 40 ni mgonjwa hata kama anasimama. Pima na mdogo pia, asubuhi na jioni, andika. Kunyunyizia dawa ya kupe fanya saa 5 au saa 6 mchana siku yenye jua, mpaka jioni manyoya yameshakauka, na masikioni unaweza kupaka kwa mkono bila kumlowesha mwili mzima.

Mafuta na tangawizi usithubutu. Mambo ya kumkaba ndama shingo juu, chupa ya soda mdomoni, unamimina, ndama anayekohoa anapaliwa, mafuta yanaingia kwenye mapafu badala ya tumbo na mapafu hayana namna ya kuyatoa. Nimefungua mizoga ya ndama waliokufa siku chache baada ya kunyweshwa, ukikata pafu mafuta yanatelezea kwenye kisu. Jirani anakutakia mema, mshukuru, usimnyweshe ndama.

Maziwa kupungua lita 4, kwanza angalia maji. Maji ya Njombe asubuhi yana baridi ya kuuma meno, ng'ombe anayanywa kidogo anaacha, na asiyekunywa hatoi maziwa. Chemsha sufuria moja uchanganye kwenye ndoo yawe vuguvugu tu, mara mbili kwa siku, utaona tofauti ndani ya wiki. Pili matete yakishapigwa na sakitu yanakauka na kukomaa, anashiba lakini hapati kitu, ongeza pumba na mashudu, na kama una hei (majani yaliyokaushwa) au majani mabichi ya guatemala mpe. Ila kamua kwanza matone kadhaa kwenye kikombe cheusi uone kama kuna mabonge, kwa sababu sakafu yenye mkojo uliofungiwa ndani inaleta na ugonjwa wa kiwele.

Afisa mifugo akifika mpe zile namba za joto ulizoandika, mwambie OTC ilichomwa lini na kiasi gani, hata kama huyo kijana hakumbuki mwambie hakumbuki, maana dawa atakayochagua inategemea hilo. Akishawaona na kuwapima, yeye ndiye atakutajia jina uliloniuliza.