Nilivyovuka Likoni

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa Likoni asiyevuka. Anayeijua Mombasa ataelewa uzito wake: kazi ziko kisiwani, ndugu wako Kibokoni na Majengo, na baina yako na wao kuna feri.

Nilikuwa msichana mdogo Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakafa. Nakumbuka vilio vikitoka nyumba hii kwenda ile, na makubadhi ya jirani yetu yaliyokaa mlangoni pake wiki nzima, hakuna aliyethubutu kuyaondoa.

Nilipokuwa mkubwa hofu ile ilinipangia maisha. Nilifika mpaka kwenye mteremko wa kushukia ferini, lango likafunguliwa, watu wakashuka mbio, mimi nikasimama kando najifanya napokea simu. Niliiacha kazi ya kushona Biashara Street kwa fundi aliyenitaka kwa dhati. Binamu yangu aliolewa Kibokoni, nikasema nina homa.

Daraja la miguu la Liwatoni lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2021, nilisema alhamdulillahi, nimeokoka. Nikalivuka mara mbili. Mara ya tatu nikaanza kusikiliza: mbona linanesa? Na haya maboya yanayolielesha, moja likijaa maji itakuwaje? Usiku ule sikulala. Nikiwa nimejilaza nikitazama mapaa, nilitambua kuwa feri nilikuwa naisingizia tu. Wasiwasi ulikuwa ndani yangu, unatafuta pa kutua.

Kama nawe uko hivyo, nakuomba usingoje hofu iishe ndipo uanze kuishi. Mimi nilingoja hivyo mpaka nywele zikaanza kuingia mvi. Kila nilipogeuka pale mteremkoni nilipata nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonidhuru, kwani mwili ulijifunza kwamba umeponea chupuchupu. Kesho yake ukaogopa zaidi.

Nilichofanya ni kurudi kidogo kidogo. Siku za mwanzo nilikwenda kivukoni nikaketi tu, bila nia ya kuvuka. Moyo ulinidunda, viganja vikatoa jasho, nami nikabaki. Nilivuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa mdomo, kutoa kukizidi kuvuta. Kama baada ya nusu saa hivi, mapigo yakashuka yenyewe. Sikuwa nimewahi kukaa kiasi hicho, kwa hivyo sikujua kama hofu nayo huchoka.

Halafu nikajifunza kuelea. Mpwa wangu alinipeleka Shelly Beach asubuhi na mapema, maji yamejaa nusu, bahari imetulia kwa kaskazi. Niliingia na dera na suruali ya ndani. Alinishika kisogoni kwa kiganja kimoja akasema, "Shangazi, usipigane nayo. Jaza kifua hewa, legeza shingo." Nilipokaza mwili, miguu ilizama. Nilipolegea, masikio yakaingia majini, kelele zote zikakatika, nikasikia pumzi yangu tu. Sijui aliondoa mkono saa ngapi. Nilipofungua macho alikuwa amesimama kando, mikono yote miwili juu ya maji, anatabasamu. Nililia palepale, chumvi juu ya chumvi.

Nyumbani niliweka daftari. Wazo baya likinijia mchana, naliandika mstari mmoja na kuliambia lingoje baada ya isha. Isha ikipita nafungua daftari kwa robo saa. Mengi nayakuta yamepoa. Yale yenye dawa, kama ada ya shule au deni la duka, nayapangia la kufanya kesho yake. Nami nakwambia kwa mapenzi: ukikosa usingizi majuma kwa majuma, au chakula hakipiti, mwone daktari. Dua na daktari havigombani.

Siku niliyopanda feri nilimshika mkono mamangu kama mtoto. Alinambia, "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga." Tulivuka kwa dakika chache tu. Upande wa pili tulinunua mahamri na mbaazi, tukala tumesimama, mafuta yakitutiririka vidoleni.

Sasa nashona kisiwani, navuka kila siku. Bado nikipanda, kwanza huangalia jaketi za kuokolea ziko wapi. Kisha namtafuta mtu wa kuamkiana naye.