Sigara tano tu, Daktari

SWALI: Assalamu alaikum, Daktari. Nina miaka 46, nabeba mchanga na mawe kwa jahazi kutoka Manda. Mke wangu alinishikilia niende kliniki kupimwa. Presha ilikuwa 148 kwa 94, na sukari kabla sijala 6.4. Nesi akaniuliza kama navuta, nikamwambia la. Kusema kweli navuta tano kwa siku, sita nikila miraa, na wala sikohoi. Tano ni kitu gani? Babangu alivuta mpaka uzeeni. Na nikisema kweli, si nitagombezwa tu?
Nahodha, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, Nahodha. Meza ile ya kupima presha nimeikalia miaka mingi. Mwanamume ananiambia “sivuti”, na huku kidole cha shahada kimepiga manjano na kiberiti kimetokeza kwenye pindo la kikoi. Hatuulizi ili tugombeze. Sigara hupandisha presha kwa muda, kwa hiyo aliyevuta mlangoni kisha akaingia kupimwa, namba yake haiaminiki. Inafaa ipite angalau nusu saa. Ukimficha nesi, dawa ya kukisia utaimeza wewe.

Sasa hizo tano. Wengi hudhani ukivuta robo ya mwenzako, na hatari yako ni robo. Kwa moyo, sivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Moshi kidogo tu unatosha kuumiza mishipa na kuifanya damu igande upesi. Nawe tayari una presha, na hiyo 6.4, ingawa si kisukari bado, imeshavuka mpaka wa sukari ya kawaida. Wavutaji hupata kisukari cha ukubwani kuliko wasiovuta, kwa asilimia 30 hadi 40.

Babako namheshimu. Lakini wenzake waliokufa na miaka 55 nani anawataja barazani? Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu 1951 kwa miaka 50 walitoa jibu: wavutaji walipoteza takriban miaka 10 ya umri. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa 9 kati yake. Waliongoja hadi 50, 6. Wewe uko katikati.

Na usiniambie huwezi. Ramadhani unashinda zaidi ya saa 13 bila sigara, juani, na chombo unakiendesha. Magharibi ikiadhiniwa, ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya moshi wa sigara, karibu yote imeshatoka damuni. Unakula tende, unakunywa maji, kisha unawasha na kuirudisha! Kinachokushinda ni usiku na baraza la miraa, basi wiki za mwanzo likimbie. Siku tatu za kwanza utakuwa mkali. Mwambie mkeo mapema asije akadhani ni yeye. Duka la dawa ulizia chingamu au vibandiko vya nikotini. Na sigara za mojamoja usinunue, hata sheria ya tumbaku ya 2007 inazikataza, ingawa ni nani anayeijali.

Presha irudiwe siku mbili tofauti, asubuhi, kabla ya kahawa na sigara. Ikibaki juu ukaandikiwa dawa, zianze siku hiyohiyo, usingoje kwanza uache kuvuta.