Maswali ya Wasomaji: Kadi Ikichomolewa, Kerneli Yaanguka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika karakana ndogo ya elektroniki karibu na Luthuli Avenue, ambako tunaunda kadi yenye hifadhi ya flashi, inayochomekwa kwenye soketi ya PCIe ya kompyuta, nami ndiye niliyeachiwa kuandika draiva yake ya Linux, yaani programu inayoiwezesha kerneli, kiini cha mfumo huo, kuitumia kadi. Nina matatizo mawili. Kwanza, baadhi ya nyakati moduli ya draiva ikipakiwa hukwama ndani ya probe, fanksheni inayoiandaa kadi. Pili, rmmod, amri ya kuondoa moduli, hukataa kuiondoa ikiwa diski ingali inatumika, nami naona hivyo ni sawa. Lakini kadi ikichomolewa programu ikiwa imeifungua, kerneli huanguka, tena si kila mara. Kumbukumbu zote nimeziomba kwa devm_kzalloc, nikiamini kwamba usafishaji utajifanya wenyewe. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Kasarani, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, msimbo uliotutumia unaonyesha kwamba unaita device_add_disk, fanksheni inayoitangaza diski, kabla ya kuomba intarapti, yaani ishara ambayo kadi huijulisha kerneli kwamba kazi imekamilika. Wito huo ni sawa na kubandika kwenye geti tangazo la nyumba ya kupanga: hujashuka ngazi, mtu ameshabisha hodi. Anayebisha wa kwanza ni kerneli yenyewe, kwa sababu kabla device_add_disk haijarudi, husoma jedwali la patisheni (migawanyo) za diski. Ombi hilo la kusoma hufika kwenye kadi, kadi hulishughulikia, kisha hutoa intarapti ambayo hakuna wa kuipokea, na probe hubaki ikingoja jibu lililokwisha kupotea. Washa kadi, tenga kumbukumbu za foleni, omba intarapti, anzisha kidhibiti, andika ukubwa wa diski, na ndipo uitangaze. Hatua ya kutangaza iwe ya mwisho kabisa. Hatua yoyote ikishindikana njiani, ruka kwa goto, amri ya lugha ya C, hadi mahali panapotengua zilizotangulia, ya mwisho ikianza kutenguliwa. Najua vyuoni wengi hufundishwa kuiogopa goto, lakini ndani ya kerneli hiyo ndiyo desturi, na husomeka vizuri kuliko msururu wa masharti.

Tatizo la pili ndilo zito. rmmod inapokataa, inalinda msimbo wa moduli tu, kwa kuwa faili iliyofunguliwa huongeza hesabu ya watumiaji wa moduli hiyo. Kuchomoa kadi hakuulizi hesabu hiyo: kerneli huita remove, fanksheni ya draiva ya kuiaga kadi, hapo hapo, hata kama kuna programu kumi zilizoishika diski. Nayo remove ikirudi tu, kila ulichoomba kwa devm huachiliwa. Ile programu bado imeshika faili yake. Itakapoifunga, iwe baada ya sekunde moja au ya saa nzima, kerneli itaita release ya draiva yako, nayo itafuata kielekezi (anwani ya kumbukumbu) cha muundo wa data ambao haupo tena, kama mpangaji aliyerudi jioni na ufunguo mkononi akakuta nyumba imebomolewa. Kama sehemu ile ya kumbukumbu haijapewa mwingine, release hupita salama. Ikiwa imekwisha kupewa mwingine, kerneli huanguka. Ndiyo maana haitokei kila mara, na ndiyo maana huenda umekuwa ukitafuta kosa kwenye dakika ya kuchomoa ilhali limo kwenye dakika ya kufunga faili.

Kwa hiyo, muundo mkuu wa draiva usiufunge kwenye uhai wa kadi, bali kwenye uhai wa diski. Uombe kwa kzalloc ya kawaida, kisha uuachilie ndani ya free_disk, ambayo kerneli huiita pale mtumiaji wa mwisho anapoiacha diski. devm ibaki kwa vile ambavyo kwa hakika hufa pamoja na kadi, kama vile ramani ya rejista, sehemu ndogo za kadi ambazo draiva husoma hali na kuandika amri. Nayo intarapti uliyoiomba kwa devm huondolewa baada ya remove kurudi, kwa hiyo ukiachilia kwa mkono, ndani ya remove, kumbukumbu inayotumiwa na kishughulikiaji chake, utakuwa umekata tawi ulilolikalia.

Kuhusu mpangilio wa remove yenyewe, del_gendisk, inayoiondoa diski kwenye mfumo, hutangulia, maana ndiyo inayofunga mlango kwa maombi mapya. Ila kumbuka kwamba mfumo wa faili utajaribu kuandika data yake iliyobaki wakati huo huo, na kadi iliyochomolewa haitajibu kamwe. Soma rejista moja kwanza: kadi isipokuwapo, basi la PCIe hurudisha biti zote zikiwa 1, yaani 0xFFFFFFFF. Ukiona hivyo, itie diski alama ya kufa kwa blk_mark_disk_dead, yakatishe kwa kosa maombi yote yaliyokuwa yakingoja, ndipo uendelee na del_gendisk. Baada yake simamisha foleni, ondoa intarapti, achilia kumbukumbu za DMA (zile ambazo kadi huzisoma na kuziandika moja kwa moja), na umalizie na put_disk, inayoiachia diski kwa upande wa draiva.

Kujaribu hakuhitaji kuichosha soketi kwa mkono. Jenga kerneli yenye KASAN, kikaguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu, fungua diski kwa programu inayolala bila kuifunga, kisha andika anwani ya PCI ya kadi kwenye faili ya unbind, inayoitenganisha draiva na kadi bila kuichomoa, iliyo chini ya /sys/bus/pci/drivers, katika saraka ya draiva yako. Iue ile programu, na usome dmesg, yaani ujumbe wa kerneli: kwa msimbo ulio nao sasa, KASAN inapaswa kukutajia mstari wa release uliogusa kumbukumbu iliyoachiliwa, na mstari wa devm_kzalloc ilikoombwa.