Ukisema "basi", mumeo anapaswa kuacha

Dada, nimekuelewa. Ulikubali tendo la ndoa mwanzoni, katikati ukaumia ukamwambia mumeo aache, akaendelea, kisha akasema mke aliyetolewa mahari hana ruhusa ya kukataa. Kosa si lako. Kukubali mwanzo hakukufungi hadi mwisho, na mahari haikununua mwili wako.

Zungumza naye mchana, mkiwa wawili na mmetulia, si kitandani. Mwambie waziwazi: "Nikisema basi, unaacha papo hapo." Halafu tazama matendo yake. Mume anayekujali atashtuka kujua alikuumiza. Akikutisha au akirudia, usiendelee kumbembeleza, wala kikao cha wazee kisikurudishe kwake kwa kukuambia "vumilia tu, mwanangu". Tafuta kwanza mahali salama.

Maumivu hayo nayo yaangaliwe hospitalini. Akikulazimisha tena, wahi: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na zipo za kuzuia mimba. Ukitaka ushahidi, usioge kabla ya kupimwa.

Kwa kuwa uko Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungu kinachowaweka wanandoa nje ya kosa la ubakaji, jambo linaloniuma sana. Lakini Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi. Piga 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, uulize pa kuanzia.