Kabla hujaandika barua za onyo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema walimu wako wameukataa mtaala mpya, kikao kimeishia kwa kelele, na unaniuliza kama uwaandikie barua za onyo au ungoje watulie wenyewe. Mimi nakuomba usifanye hili wala lile.

Kwanza ujue wanakataa nini hasa. Mwaka wangu wa kwanza wa ukuu wa shule nilikuwa na mwalimu wa hisabati aliyepinga kila kikao. Nilimwita mkaidi mbele ya wenzake, na hadi leo neno lile linaniuma. Jioni moja nikamkuta peke yake katika ofisi ya walimu, amefungua daftari lake la nukuu za masomo. Karatasi zimegeuka manjano, pembe zimejikunja, na kando ya kila zoezi ameandika kwa kalamu nyekundu makosa ambayo watoto huyarudia mwaka hadi mwaka. Akaniuliza, "Hili sasa nilitupe?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemletea mtaala, yeye akasikia kwamba miaka yake 22 ya kazi ilikuwa bure.

Tulikaa na daftari lile wiki nzima. Yale maandishi mekundu ndiyo yaliyotupa maswali ya kazi za vikundi za mtaala ule mpya. Hakuupenda mtaala siku ile, lakini aliacha kupigana.

Mtafiti Mmarekani, Thomas Guskey, aliandika mwaka 1986 kwamba imani ya mwalimu hubadilika baada ya kuona wanafunzi wake wakifanya vizuri zaidi. Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu. Kwa hiyo punguza hotuba. Tafuta walimu wawili walio tayari, wachukue mada moja tu, wenzao waruhusiwe kuingia kutazama. Kikao kijacho weka madaftari ya watoto mezani, wayapekue wenyewe.

Na uwapunguzie mzigo, mwanangu. Ukidai mbinu mpya huku wanajaza fomu za zamani na za sasa, watakuchukia, na watakuwa na haki. Wapangie kwenye ratiba kipindi cha kuandaa masomo pamoja. Waambie mapema, wao na wazazi, kwamba huenda mambo yakalegea kidogo mwanzoni, ili alama zikishuka mtu asishtuke.

Atakayekataa hata baada ya hayo yote, zungumza naye faraghani, kisha kwa maandishi, juu ya kazi yake na si tabia yake.

Huyo mwalimu wa sayansi uliyesema alitoka kikaoni, usingoje aje kwako. Mfuate darasani baada ya kengele ya mwisho, ukae kwenye dawati la mwanafunzi, umwombe akuonyeshe somo analolifundisha vizuri kuliko yote. Kisha uniandikie alichokuonyesha.

Mama yako