Ukidaiwa deni usilokopa, andika barua

Wadai wa mikopo ya apu wana mtindo mmoja. Anayepiga hajitambulishi, jina lako analijua, na kabla hujafungua kinywa ameshakwambia kwamba fulani "amekuweka mdhamini". Nilipopigiwa mimi, huyo fulani alikuwa mwenzetu wa chama hapa Kisauni, Mombasa, mama muuza mboga aliyekopa hela za kuchukulia mzigo soko la Kongowea. Simu ilipokatika ukaingia ujumbe: "Mwambie mtu wako alipe leo kabla ya saa kumi. Asipolipa, jina lako linaingia CRB pamoja na lake." CRB ni ofisi ya kumbukumbu za mikopo, wanakoorodheshwa wasiolipa.

Ujumbe ule uliwafikia karibu wanachama wote. Wengine walichanga wakalipa ili kukwepa aibu. Wengine walimtukana mpigaji wakaifungia nambari, na kesho yake wakapigiwa kwa nambari nyingine. Mimi nilikaa nikaandika barua, na barua ndiyo iliyozikomesha zile simu.

Kwanza ondoa hofu. Mtu hawi mdhamini kwa sababu jina lake liko kwenye simu ya jirani. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema huwezi kushtakiwa kwa deni la mtu mwingine ikiwa hakuna makubaliano ya maandishi yenye sahihi yako. Basi usitume hata shilingi, na usiahidi chochote kwenye simu.

Pili, usimgombeze aliyekopa. Yeye naye kadhulumiwa, maana deni lake limetangazwa kwa watu lisiowahusu. Kaa naye, mwulize ni apu gani, muitafute pamoja kwenye Play Store. Chini ya maelezo ya apu kuna anwani ya barua pepe ya wenye nayo, na ndani ya sera yao ya faragha mara nyingi kuna nyingine. Halafu angalia kama kampuni imo katika orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni inayochapishwa na Benki Kuu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji hawa kutumia vitisho au matusi, na kuwaandama watu waliomo kwenye orodha ya nambari za mteja aliyechelewa kulipa. Kama hawamo katika orodha ya leseni, hilo ni kosa jingine, nalo liripoti Benki Kuu.

Sasa barua. Sheria ya kuegemea ni ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inatekeleza Ibara ya 31 ya Katiba kuhusu faragha. Huna haja ya kuisoma yote. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, na kupinga isitumiwe. Cha 28 kinamtaka anayekusanya data yako aichukue kwako wewe mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nakipenda zaidi cha 32, kwa sababu kinasema anayedai ulimpa idhini ndiye wa kuthibitisha. Watu wengi huhangaika kueleza kwamba hawakukubali, kumbe mzigo huo si wao.

Yangu ilisema hivi, nawe ichukue uibadilishe upendavyo:

"Mimi si mteja wenu wala mdhamini wa mteja wenu. Mmenipigia na kunitumia ujumbe kwa nambari hii, tarehe hii na saa hii. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, vifungu vya 26, 28 na 32, naomba mnieleze nambari yangu mliipata wapi, kwa idhini ya nani, na mmempa nani mwingine. Naomba nakala ya kila mlichonacho kunihusu. Napinga nambari yangu kutumiwa tena, na nataka ifutwe na mnithibitishie kwa maandishi."

Usiweke hasira ndani, wala usieleze historia ya mkopo wa mwenzako, maana utakuwa unawaongezea taarifa zake. Ukiombwa kutuma picha ya kitambulisho kwanza, uliza kwa nini wanakihitaji hali nambari wanayoipigia wanayo. Kisha hesabu siku. Kanuni za Ulinzi wa Data za mwaka 2021 zinawapa siku 7 kukupa data uliyoomba, bila malipo, na siku 14 kushughulikia ombi la kufuta.

Walinijibu kwa mstari mmoja tu: "Nambari yako imeondolewa." Wengi wangeridhika hapo. Mimi sikuridhika, kwa sababu swali la mwanzo, waliipata wapi, lilikuwa bado liko pale pale. Nikaandika tena, kimya. Ndipo nikapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi kitu. Yanaweza kuandikwa kwenye tovuti yao, na kifungu cha 56 kinakuruhusu hata kulalamika kwa mdomo, wao wakuandikie. Mama asiyejua kuandika haki yake ni ile ile. Ofisi ina siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kilichonisaidia ni ushahidi. Kila ujumbe niliupiga skrinishoti huku nambari na saa vikionekana, na kila simu niliiandika pembeni: nambari, wakati, maneno aliyosema. Usifute ujumbe kwa uchungu. Ofisi ilipowaandikia, kampuni ikaeleza kwamba nambari ilichotwa kwenye orodha ya majina ya simu ya mkopaji siku alipobonyeza "ruhusu", na ikathibitisha kwa maandishi kwamba imeifuta. Wanachama wenzangu wakatumia barua ile ile.

Ofisi hii huuma inapobidi. Septemba 2023 ilitangaza faini ya Sh2,975,000 dhidi ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari walizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Siku hizo hizo ikatangaza faini ya Sh4,550,000 dhidi ya Roma School kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hili la watoto linanikera kuliko madeni. Shule inapiga picha mtoto wa darasa la pili akiwa na jina lake kifuani na beji ya shule, kisha inaibandika Facebook kutafutia wanafunzi wapya. Mtu yeyote sasa anajua mtoto anaitwa nani na anashinda wapi. Mzazi, mwandikie mwalimu mkuu kwamba hukuridhia, na uombe picha iondolewe. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi.

Na hata ukishabonyeza "kubali" hujafungwa milele, kwa kuwa idhini huondolewa wakati wowote. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, wakitarajia kupewa sarafu hizo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe, na ikaona idhini iliyovutwa kwa sarafu si idhini halali.

Kama umeumia kweli, kwa mfano umeachishwa kazi kwa sababu bosi alipigiwa simu, dai fidia chini ya kifungu cha 65. Sheria inahesabu hata fadhaa kuwa madhara, si pesa peke yake. Usiporidhika na uamuzi wa Kamishna, rufaa iko Mahakama Kuu.

Walio Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vifungu vyake si hivi vya Kenya, kwa hiyo barua yangu msiinakili kama ilivyo. Wekeni sheria ya kwenu, maombi yabaki yale yale: mliipata wapi, mmempa nani, ifuteni.