Ukimpiga picha kifaru, zima lokesheni kwanza

Hii stori nimekaa nayo muda, naona bora niiandike tu maana watu wakianza safari za mbugani nitaziona tena picha zilezile mtandaoni, na kila nikiona moja moyo unanienda mbio.

Miaka kadhaa nyuma nilimwona kifaru mweusi porini kwa mara ya kwanza. Asubuhi na mapema, gari limezimwa, tumenyamaza wote, yeye yuko vichakani kama hatua hamsini hivi, anavuta tawi kwa ule mdomo wa juu uliochongoka unaoshika kama kidole, halafu analikata, unasikia kabisa kach! Mgongoni ana ndege wawili wanatembea tu kama wako kwao. Nilipiga picha labda mia. Tukiwa palepale nikapata netiweki, nikarusha moja kwenye grupu ya marafiki na nyingine hadharani, nikataja jina la hifadhi, nikataja na bwawa lililo jirani, nikamalizia na "yupo hapa sasa hivi". Nilikuwa na furaha tu jamani, wala sikuwaza baya lolote.

Mwongozaji wetu aliniona kwenye kioo, akageuka akaniambia kwa upole, "Dada, naomba uifute hiyo. Huyu hata kesho utamkuta hapahapa."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifungua macho. Mimi nilidhani mnyama ni mnyama, ukimwona leo kesho keshahama. Tembo ndiyo, anaweza kwenda mbali sana. Ila kifaru mweusi ana eneo lake na halibadilishi ovyo, anapita njia zilezile, anakunywa maji yaleyale, hata choo anacho, yaani anarudi kunya sehemu moja halafu anayatawanya mavi kwa miguu ya nyuma, na vifaru wengine wakipita wananusa wanajua nani kapita. Mbele kidogo tukaonyeshwa rundo lenyewe kando ya njia, limejaa vijiti vifupi vilivyokatwa mshazari kama kwa mkasi, hiyo ndiyo alama ya kifaru mweusi kwa sababu yeye anakula matawi, wakati kifaru mweupe ana mdomo mpana wa kuchungia nyasi. Sasa mnyama mwenye ratiba namna hiyo ukimtangazia anapokunywa maji, hata ukichelewesha posti wiki nzima bado umeshamwonyesha jangili pa kuvizia.

Na kifaru haoni vizuri, hiyo nayo inaniuma. Anategemea pua na masikio. Wale ndege wa mgongoni ndio tunaowaita askari wa kifaru, na wazee waliowapa hilo jina hawakukosea, kuna utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 2020 ulionyesha kwamba kifaru mweusi akiwa na hao ndege anamgundua mtu anayemnyemelea mapema zaidi, maana ndege wakipiga kelele naye anashtuka. Ila ndege hawezi kumlinda na simu yangu.

Kama unahisi nakuza mambo, angalia hesabu. Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na vifaru weusi kama 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa hawafiki 2,500. Leo wamepanda wakapita 6,000, na hiyo ni jasho la watu wanaolala porini na bunduki. Afrika Kusini peke yake mwaka 2007 majangili waliua vifaru 13, ilipofika 2014 wakaua 1,215. Kisa ni pembe, na pembe yenyewe ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele zako, haitibu saratani wala nini.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaingia getini fungua seti za kamera ya simu uzime lokesheni, maana picha inabeba namba za mahali ilipopigwa. Ndiyo, mitandao mingi inazifuta ukiposti, ila ukimtumia mtu ile picha orijino kama faili zinakwenda nazo. Halafu angalia kilichoko nyuma ya mnyama, hapa ndipo wengi tunapoteleza: kilima chenye umbo lake, mnara, bwawa, kibao cha njia. Anayeijua hifadhi hahitaji namba. Na usiwabane askari kwa maswali ya wako wangapi na wanakaa upande gani, kuna hifadhi hazitangazi hiyo idadi makusudi kabisa, akikujibu kwa mkato usinune.

Lakini picha usizifute! Mimi nilitaka kufuta zote kwa woga, mwongozaji akasema hapana, zipeleke kwa askari. Vifaru wengi wanakatwa alama masikioni wakiwa wamelazwa kwa dawa, kila pengo na mahali pake lina namba yake, ukizijumlisha unapata namba ya kifaru mwenyewe. Picha niliyoiona mbovu kuliko zote, kageuza kichwa, sikio la kushoto tu ndilo linaonekana vizuri, askari aliikuza kwenye simu yangu, akahesabu mapengo kwa kidole, akaandika kwenye daftari. Akatabasamu. Kumbe huyo hawakuwa wamemwona siku nyingi.

Mtu atasema mbona Sudan, yule dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, dunia nzima ilijua yuko Ol Pejeta kule Kenya. Kweli, ila alikuwa na walinzi wenye silaha usiku na mchana mpaka alipokufa Machi 2018, na leo binti yake Najin na mjukuu wake Fatu wanalindwa vilevile. Huyu wangu wa vichakani alikuwa na ndege wawili.

Picha niliyokuja kuiweka hadharani baadaye ni ya mdomo na tawi tu, nimeikata, hakuna masikio, hakuna kilima. Watu wakauliza kwenye komenti ni wapi hapo. Nikawajibu, Afrika.